Baada ya Mahafali, Mafaili Yanakwenda Wapi?

Vyuo vikuu vya kanisa vinapenda vitabu vya jubilei. Nimesoma kadhaa na vinafanana: askofu anaweka jiwe la msingi, makamu wakuu wa chuo wamepangwa kwa picha za pasipoti, wafadhili wa Ujerumani na Marekani wanashukuriwa, kisha kwaya. Ukitaka kujua nani aliamua ada ipande, kwa nini kitivo fulani kilifungwa kabla hakijatoa wahitimu, au eneo la chuo lilipatikana kwa barua ya nani, hutaambulia kitu. Hayo yamo kwenye mihtasari ya vikao. Na mihtasari hiyo, mara nyingi, hakuna anayejua iko wapi.

Lawama zangu nazielekeza kwa makanisa yenyewe, kabla ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kabla ya serikali. Mwenye chuo ndiye mwenye karatasi zake.

Mfano ninaoufahamu zaidi ni Tumaini, chuo kikuu cha Walutheri. Chuo cha teolojia cha Walutheri kilianzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947, kikahamia Makumira, karibu na Usa River, mwaka 1954. Wakati huo KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, haikuwapo. Ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa 7 ya Kilutheri yalipoungana. Kwa hiyo Makumira ya miaka ya mwanzo ilitumikia makanisa kadhaa yaliyokuwa yakishirikiana, na kila moja lilikuwa na wamisionari wake: Wajerumani wa Leipzig Kilimanjaro, Wamarekani Singida, Waswidi Bukoba. Kila kundi liliandika taarifa na kuzipeleka kwao. Nyaraka za misheni ya Leipzig leo zimetunzwa Halle, Ujerumani, kwenye Taasisi za Francke, safi kabisa, zina namba na orodha. Mtu wa Meru anayetaka kujua habari za eneo lake kabla ya vita atafute viza kwanza, kisha ajifunze kusoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani.

Hiyo tungeweza kuiita bahati mbaya ya historia. Ya baadaye ni ya kwetu wenyewe.

Mwaka 1995 sheria ya elimu ilirekebishwa, mlango wa vyuo vikuu binafsi ukafunguka na Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu likaundwa. KKKT haikuchelewa. Miaka miwili haikupita kabla Chuo Kikuu cha Tumaini hakijasimama, kikikusanya Makumira, chuo cha udaktari cha KCMC cha Moshi na Iringa chini ya jina moja. Dar es Salaam ikaongezeka mwaka 2003, na Lushoto ikaja baadaye. Kisha watoto wakaanza kuhama nyumbani. Mwaka 2013 Iringa ikawa Chuo Kikuu cha Iringa, Lushoto nayo ikajitegemea kwa jina la Sebastian Kolowa, na miaka ya karibuni Dar es Salaam na KCMC nazo zimekuwa vyuo vikuu kamili. Jina la Tumaini likabaki Makumira na Dar es Salaam.

Sasa mfikirie aliyehitimu Iringa mwaka 2004. Cheti chake kinasema Tumaini. Chombo kilichokuwa kikisimamia ithibati siku hiyo kilikuwa lile Baraza la zamani, maana TCU imekuja na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Alama zake zilijazwa Iringa, kwenye chuo ambacho leo kina jina jingine, mhuri mwingine na Hati Idhini (hati ya kukitambua kuwa chuo kikuu) nyingine. Mwajiri wa nje ya nchi akiandika barua kuuliza kama shahada hii ni halali, anaandika kwa nani? Wapo wahitimu waliozungushwa kwa miezi: huku wanaambiwa nenda kule, kule wanaambiwa rudi huku. Mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Wakati wa kugawana majengo, walimu na madeni, hakuna aliyeandika kwenye makubaliano nani anabaki na mafaili.

Kwa Wakatoliki hali si tofauti sana. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, ilianza mwaka 1960 ikiwa taasisi ya mafunzo ya jamii pale Nyegezi, enzi za Askofu Blomjous wa shirika la wamisionari la White Fathers, na Baraza la Maaskofu likaifanya chuo kikuu mwaka 1998. Tangu hapo imezaa vyuo vishiriki Iringa, Mtwara, Tabora na kwingineko. Vingine vimejitegemea, vingine vimefungwa. Chuo kishiriki kikifungwa, wanafunzi huhamishwa kwa utaratibu unaoeleweka. Kabati la msajili halina utaratibu kama huo.

Katika chuo kimoja cha kanisa, ambacho sitakitaja, niliomba kuona mihtasari ya Baraza la Chuo ya miaka ya tisini. Masjala ni chumba nyuma ya ofisi ya mhasibu. Ndani kulikuwa na majoho ya mahafali kwenye mifuko ya salfeti, mashine mbovu ya fotokopi, na mafaili yamelazwa chini kwa sababu rafu imeliwa na mchwa. Nililoliokota lilikuwa na folio (karatasi yenye namba ndani ya faili) namba 14, ikafuata 31. Nikauliza zilizo katikati. Mama wa masjala, mtu mkarimu kabisa, akacheka: "Kaka, hizo zilichukuliwa na Baba Askofu aliyestaafu, kulikuwa na kesi ya kiwanja." Kesi iliisha. Folio hazikurudi, na Baba Askofu ameshatangulia mbele ya haki.

Zile zilizobaki zilinifundisha mengi kuliko vitabu vyote vya jubilei. Mihtasari ya kanisa ina mpangilio wake: kikao kimefunguliwa kwa sala na neno kutoka Zaburi, waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru, yatokanayo, ajenda kuu, mengineyo. Mzoefu huanzia Mengineyo. Ajenda kuu ni mambo yaliyokwisha kukubaliwa kwa simu, ila kwenye Mengineyo, watu wakiwa wamechoka na chai inanukia, ndipo unakuta kwamba fedha za bweni la wasichana zimeazimwa kulipa mishahara, au kwamba dayosisi fulani haijatoa mchango wake na "mwenyekiti atazungumza na Baba Askofu." Hiyo ndiyo historia ya utawala wa chuo. Inaonyesha taasisi ya watu wachache wenye fedha kidogo, wakiamua mambo makubwa usiku.

Majirani wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono, kilichokua kutoka chuo cha teolojia cha Askofu Tucker cha mwaka 1913 na kupata hati yake mwaka 2004, kimehifadhi ndani ya maktaba yake nyaraka za ofisi ya Askofu wa Uganda, na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale zimepigwa picha za kidijitali. Karatasi zenyewe zimebaki Mukono, na hilo ndilo linalonifurahisha. Linganisha na St. Paul's ya Limuru, ambayo asili yake ni shule ya uchungaji iliyoanzishwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kwenye kijiji cha watumwa walioachwa huru, kabla ya kuhamia Limuru mwaka 1930. Anayetaka barua za wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, za enzi hizo bado anaelekezwa Birmingham, Uingereza.

Wachungaji wawili niliowaeleza hoja hii wamenijibu kitu kilekile: ndani ya mafaili mna aibu za watu. Mwalimu aliyefukuzwa kwa sababu ya binti wa mwaka wa pili, mhasibu aliyesamehewa kimyakimya. Ni kweli, na mafaili binafsi yafungwe, tena kwa muda mrefu. Lakini muhtasari wa Kamati ya Fedha si siri ya kitubio. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kabla nyaraka za serikali hazijafunguliwa kwa wananchi. Kanisa halibanwi nayo, ila hakuna anayelizuia kuazima kipimo hicho. Kwa hesabu hiyo, mihtasari ya kwanza kabisa ya Tumaini inafikia umri wa kusomwa sasa hivi. Nina wasiwasi kwamba tutafungua kabati na kukuta majoho.

Watu wa kazi hii wapo. Chuo cha Utumishi wa Umma, Tabora, kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu, na Tumaini wenyewe wamefundisha ukutubi Dar es Salaam kwa miaka. Kinachotakiwa ni mtunza nyaraka mmoja aliyeajiriwa kwa barua, chumba kikavu chenye ufunguo usiokaa kwa dereva, na kifungu ndani ya kila makubaliano ya kutengana kinachosema mafaili yanabaki na nani. Sidhani mshahara wake wa mwaka unazidi gharama za mahema na pilau ya mahafali moja. Wajumbe mnaokwenda kupitisha bajeti, lisemeeni hili kwenye ajenda kuu, msilisubirishe hadi Mengineyo.