Kabla hujakopa kwa ajili ya sindano ya kiwiko

Mwandishi wa makala ya kiwiko cha tenisi (maumivu ya upande wa nje wa kiwiko) ameieleza vizuri sindano ya plazima, yaani majimaji ya damu yako mwenyewe: unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine hadi chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazosaidia kuigandisha) zikusanyike, kisha unachomwa penye kano iliyoumia. Lakini kuiita tiba ya uhakika, hapo napinga.

Mimi ni seremala, raketi sijawahi kuishika. Mwaka juzi kiwiko cha kulia kilianza kuuma upande wa nje kwa kukaza skrubu kutwa nzima. Ikafika mahali birika la chai nalinyanyua kwa mikono miwili. Kliniki moja ikanichoma sindano hiyo kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya kununulia mbao, nikaahidiwa nitapona kabisa. Miezi ikapita, maumivu yako palepale. Hakuna aliyeniambia kwamba mwaka 2021 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walipitia majaribio 32, yenye watu zaidi ya 2,300, wakaona haileti nafuu ya maana kuliko sindano isiyo na dawa. Ile ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, nayo hutuliza wiki chache tu, na baada ya mwaka waliochomwa huweza kuwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa.

Wengi hupona bila sindano yoyote, ila ni kazi ya miezi. Mimi nilipewa zoezi: mkono juu ya meza, kiganja chini, chupa ya maji ya nusu lita mkononi, naishusha taratibu. Tafadhali mwandishi, ongeza hilo. Kuna mafundi na akina mama wafua nguo wanaosoma hapa na kesho wataenda kukopa.