"Ndia" na "njia": tumwanzishe wapi mtoto kuchambua shairi?

Wiki iliyopita nilikaa na karatasi 52 za gredi ya nane. Swali la tatu lilikuwa hili: mshairi ametumia neno "ndia" badala ya "njia", eleza kwa nini. Wanafunzi 31 walinijibu kwa maneno yale yale, kana kwamba wameambizana: "ili kutosheleza mizani."

Hebu tuhesabu mizani, yaani silabi. Ndi-a, mizani mbili. Nji-a, mizani mbili. Hakuna kilichopungua wala kilichozidi. Watoto 31 walitoa sababu ambayo vidole viwili vingetosha kuikanusha, na hawakuvinyanyua kwa sababu walijua jibu kabla hawajalisoma shairi. Mimi ndiye niliyewapa jibu hilo. Muhula wa kwanza niliandika ubaoni orodha ya uhuru wa mshairi, yaani ruhusa ya kupinda lugha: inksari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kulibadili), lahaja, na mbele ya kila moja nikaweka maelezo mafupi. Wakanakili. Mtihani ulipokuja walinirudishia nilichowapa.

Shairi lenyewe nililitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa. Ubeti wake wa kwanza ni huu:

Ndia yendayo Likoni, mapema nimeishika,
Watu tele kivukoni, lango halijafunguka,
Mwanangu yu mgongoni, kwa homa ahangaika,
Ng'ambo i mbele matoni, bado sijapata vuka.

Tangu siku ile nimerudi kwenye ubishi ambao walimu wa Kiswahili hapa Mombasa tumekuwa nao kwa muda mrefu, na ambao umepamba moto tangu mwaka 2023, darasa la kwanza la gredi ya saba lilipoingia sekondari msingi chini ya mtaala wa umilisi. Mtoto wa miaka 12 au 13 aanze na nini anapowekewa shairi mbele yake? Wako wanaosema aanze na arudhi, yaani kanuni za utunzi: mizani, vina, mishororo, ukwapi na utao (nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo), bahari (aina za mashairi). Wako wanaosema aanze na maana na sauti, istilahi zitamfuata baadaye akikua.

Niwape haki yao wa kwanza, maana mara nyingi wanatajwa kama watu wa kukariri tu, na si kweli. Sisi sote tulilelewa na mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, ambamo swali la ushairi lilitaka bahari zitajwe, uhuru wa mshairi uonyeshwe, ubeti mmoja uandikwe kwa lugha ya nathari, nafsineni (anayesema ndani ya shairi) na toni vitambuliwe. Aliyekuwa na istilahi alipita. Lakini hoja yao nzito haihusu mtihani. Inahusu nani anakaa kwenye dawati.

Mombasa si Mji wa Kale peke yake. Darasani mwangu wamo watoto wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, ambao nyanya zao wakisema "mato" kwa macho, "ndoo" kwa njoo na "mtanga" kwa mchanga hakuna anayegeuka. Wamo pia watoto wa Changamwe, Mikindani na Miritini ambao nyumbani kwao husemwa Kikamba, Kitaita, Kiluo au Kigiriama, na Kiswahili chao ni cha kwenye matatu na cha shuleni. Ukimwambia mtoto wa kundi la kwanza "sikiliza shairi, litakuingia," litamwingia, kwa sababu amelisikia madrasa, amelisikia harusini, amelala akiimbiwa. Ukimwambia wa pili maneno hayo hayo, umemfungia mlango na ufunguo umempa mwenzake. Mizani, kwa upande wake, haimuulizi mtu kwao ni wapi. Kila mtoto ana vidole kumi. Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana, mwenyewe mzaliwa wa bara, aliniambia kwamba vina na mizani ndivyo vilivyomfanya aamini shairi la Kiswahili ni mali yake pia, kwa sababu kabla ya hapo alidhani ni siri ya watu wa pwani. Sina jibu jepesi la hoja hiyo, na kila ninayemsikia akiidharau arudhi huwa natamani angekaa na mwalimu huyo nusu saa.

Sasa upande wa pili. Hawa wanasema istilahi ikitangulia, mtoto huacha kusoma. Huona "ndia," akili yake huruka moja kwa moja hadi kwenye orodha, huokota sababu, na shairi lenyewe hubaki limelala. Karatasi zangu 31 ni ushahidi wao, tena ushahidi ambao siwezi kuubishia. Wanaongeza jambo ambalo kwa mji huu lina uzito wa pekee. Tunapomwambia mtoto kwamba "ndia" ni uhuru wa mshairi, tunamwambia kwamba neno la kawaida ni "njia" na mshairi amelipinda. Ni nani aliyeamua lipi ni la kawaida? Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa. Muyaka bin Haji, mshairi ambaye mji huu unajivunia kuliko wote, alifariki karibu na mwaka 1840. Alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa sababu ndiyo lugha aliyoongea sokoni na barazani. Hakuwa na usanifu wa kuuvunja, maana usanifu huo ulikuja karibu karne nzima baada yake. Kumwambia mtoto wa Kibokoni kwamba Muyaka "alitumia lahaja kutosheleza mizani" ni kumfundisha kwamba nyanya yake huongea kwa makosa yaliyosamehewa.

Jambo hili lina uchungu wake. Katika zile karatasi kulikuwa na msichana mmoja aliyeandika: "Ameandika ndia kwa sababu ni ndia." Nilitabasamu, kisha kalamu ikasita. Kwa mwongozo wa kusahihisha hilo si jibu. Kwa ukweli wa mambo, yeye alikuwa karibu zaidi kuliko wale 31.

Hata hivyo sitaki kuwapa wa upande wa pili ushindi wa bure, kwa sababu nao wana udhaifu wao. Wengi wao husema: waache watoto waghani, wapande jukwaani, shairi litajieleza. Nimewapeleka wanafunzi kwenye tamasha za muziki miaka kadhaa. Nimemwona mtoto akighani beti kumi bila kukosea, mkono unapanda na kushuka mahali panapotakiwa, sauti inatetemeka kwenye huzuni, majaji wanatikisa vichwa. Kwenye gari tukirudi nikamuuliza mshororo fulani ulikuwa na maana gani. Kimya. Alikuwa amefundishwa wapi pa kutetemesha sauti, bila kuambiwa kwa nini. Huko nako ni kukariri, tofauti ni kwamba kunafanywa kwa mwili badala ya kalamu.

Kwenye mashairi huru sitakaa sana. Mtoto aliyefundishwa arudhi peke yake akikutana na shairi lisilo na vina huandika "halijafuata sheria" na kuweka kalamu chini. Aliyefundishwa kuuliza nani anasema na kwa nini, huendelea. Hapo upande wa pili uko mbele, na hakuna haja ya kuvutana.

Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinazungumza juu ya mpangilio, kipi kianze na kipi kifuate, na mimi nimeanza kuamini kwamba tatizo liko kwingine. Liko katika maswali tunayouliza. Swali ambalo mtoto anaweza kulijibu bila kulisoma shairi halifai, liwe la arudhi au la maudhui. "Taja aina nne za uhuru wa mshairi" linajibika shairi likiwa limefungiwa kabatini. Na "shairi hili lina toni gani?" likiulizwa kwa mazoea linajibika vivyo hivyo: huzuni. Watoto wangu huandika huzuni kwa kila shairi, kama dawa ya maumivu inayotolewa kwa kila mgonjwa.

Baada ya kurudisha karatasi nilichukua kipindi kizima, dakika 40, juu ya ubeti ule mmoja. Nilianza kwa kuusoma kwa sauti, kisha nikamwomba kijana mmoja anayesoma kaswida madrasa auimbe kwa mahadhi yoyote anayoyajua. Akauimba. Sauti ilipofika katikati ya mshororo ikapumua yenyewe, pale penye mkato, baada ya mizani ya nane. Nikawauliza wengine: amepumua wapi? Wakaonyesha. Kwa nini hapo? Ndipo tukahesabu, nane na nane, mishororo yote minne. Kijana wa Mikindani, ambaye hajawahi kuingia madrasa, ndiye aliyemaliza kuhesabu kwanza, na ndiye aliyesema kwamba mahadhi yangeharibika kama upande mmoja ungezidi. Hilo ndilo jambo ambalo orodha yangu ya ubaoni haikuwahi kuwaambia: mizani iko pale kwa ajili ya sauti. Watunzi wa mwambao walitunga vitu vya kuimbwa, na hesabu ni alama za nyayo za wimbo.

Kisha nikawapa kazi. Rudisheni neno la kila siku mahali pa neno la mshairi, mhesabu tena. "Ndia" wakaifanya "njia": nane bado. "Matoni" wakaifanya "machoni": nane bado, na kina cha -ni kipo palepale. Wakafika mshororo wa mwisho, "bado sijapata vuka." Wakaweka "kuvuka." Ba-do-si-ja-pa-ta-ku-vu-ka. Tisa! Darasa likapiga kelele. Hapo ndipo nikawaambia: hii sasa ndiyo inksari, na hii ndiyo "kutosheleza mizani." Jina lilikuja baada ya kitu chenyewe kuonekana, na sidhani watalisahau. Kwa "ndia" na "matoni" ikabidi watafute sababu nyingine, na yule msichana wa Kibokoni akasema anayesema ni mtu wa huku, ndivyo anavyoongea. Mwenzake akaongeza kwamba mtu akiwa na hofu husema kama kwao, hasemi Kiswahili cha kitabu.

Kutoka hapo maana ilikuja yenyewe. Anayesema ni nani? Mama, wakasema wengi, kwa sababu mtoto yuko mgongoni. Kijana mmoja akapinga, baba pia hubeba. Tukaliacha wazi, nikawafundisha neno nafsineni. Anakwenda wapi? Hapo ukazuka ubishi ambao sikuutarajia. Wengine walidhani yuko kisiwani anakwenda Likoni. Mtoto anayevuka feri kila asubuhi kuja shule akasimama akasema haiwezekani: ndia iendayo Likoni ni ile ya kutoka Ukunda, kusini ng'ambo ya kisiwa, na anayebeba mtoto mwenye homa anavuka kuja upande wa hospitali kubwa, kwa hivyo "ng'ambo" ni kisiwani. Nikamuuliza amejuaje kwamba bado hajapanda feri. "Lango halijafunguka, mwalimu. Bado yuko kwenye banda anasubiri." Na toni? Hakuna aliyesema huzuni. Mmoja alisema wasiwasi. Mwingine alisema hasira iliyobanwa, akaonyesha neno "bado," kwamba mtu aliyetulia angesema tu sijavuka.

Najua ugumu wa njia hii. Vipindi vya Kiswahili ni vinne kwa wiki, na ndani yake mna sarufi, insha, kusikiliza na kuzungumza. Ukitumia dakika 40 kwa ubeti mmoja, kuna jambo litakaloachwa. Mwenye darasa la watoto 70 hawezi kumsikiliza kila mmoja akieleza amejuaje. Na vipimo bado vinakuja. Nimeona miongozo ya mitihani ya majaribio inayolipa alama "kutosheleza mizani" kwa neno lolote la lahaja, bila mtunzi wa mtihani kuhesabu. Mwanafunzi wangu akiandika ukweli mbele ya msahihishaji wa namna hiyo, huenda akakosa alama kwa sababu yangu. Mzazi aliyelipa nauli na chakula ana haki ya kuniuliza kwa nini nimemfundisha mwanawe jibu linalokosesha alama.

Kwa sasa nimeamua hivi. Istilahi naendelea kuzifundisha, zote, na mapema, kwa ajili ya mtoto wa Miritini na kwa ajili ya mtihani. Ila hakuna istilahi inayoingia daftarini kabla mwanafunzi hajaiona ndani ya ubeti na kuijaribu kwa vidole. Kila jibu la uhuru wa mshairi lazima liwe na hesabu mbili pembeni, ya neno la mshairi na ya neno alilolikwepa. Na kwa Kimvita, tumekubaliana darasani kuandika "lahaja ya nafsineni," halafu sababu inayotoka katika shairi lenyewe.

Yule msichana aliniletea karatasi yake niiangalie tena. Chini ya "kwa sababu ni ndia" alikuwa ameongeza kwa penseli: "Nimehesabu. Njia ingetosha. Anaongea kwao." Nikampa alama zote mbili, kisha nikachukua zile karatasi nyingine 31 na kuandika juu ya kila moja: hesabu, uje tuzungumze. Hadi Ijumaa walikuwa wamekuja 14.