Kulipia jasho Mbeya

Mtu wa Dar akisikia kwamba Mbeya kuna watu wanatoa hela ili wafungiwe kwenye chumba cha joto, atacheka mpaka ashike mbavu. Yeye joto analo bure, mchana na usiku. Sisi huku Julai tunaamka tumejikunyata, usiku umeshuka chini ya nyuzi 10, maji ya bomba yanauma meno, na ukitaka kumwona mtu anatokwa jasho asubuhi mtafute anayepakia viazi Uyole. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna jimu maeneo ya Forest imeanzisha yoga ya joto, yaani mazoezi ya mikao na kunyoosha mwili ndani ya chumba kilichopashwa joto, habari za mgongo na utulivu wa akili sikuziuliza. Niliuliza joto lenyewe ni kiasi gani.

Kwa asili yake yoga hiyo ni kali. Aliyeieneza ni Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, India, aliyehamia Marekani miaka ya 1970: mikao 26, dakika 90, chumba cha nyuzi 40 hivi chenye unyevu mwingi. Alitaka mpangilio ule uwe mali yake peke yake, mahakama ya rufaa ya Marekani ikamkatalia mwaka 2015. Mwaka uliofuata akaamriwa na mahakama ya Los Angeles amlipe aliyekuwa mshauri wake wa sheria mamilioni ya dola kwenye kesi ya unyanyasaji wa kijinsia. Ndiyo maana siku hizi walimu wengi wameliacha jina lake, wamebaki na joto lake.

La kwetu lilikuwa la kujitengenezea. Mianya ya madirisha imezibwa kwa nailoni, hita za umeme zimepangwa ukutani, na kwenye kona kuna sufuria kubwa la maji linatokota juu ya jiko la umeme ili hewa iwe na mvuke. Ukiingia tu, miwani inapata ukungu. Dakika za kwanza ni raha tupu, sitadanganya. Vidole vya miguu ambavyo nilikuwa sivisikii tangu Mei vilirudi kuwa vyangu. Mlango umefungwa, watu wako kimya wanahema, mvuke usoni: ni kama kupiga nyungu ile ya wakati wa korona, mwaka 2020, kasoro blanketi na majani ya mkaratusi.

Halafu kazi ikaanza. Kuna mkao unasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine unauinua mbele, unaushika wayo kwa mikono miwili na kuunyoosha. Unaushika, unateleza. Unafuta viganja kwenye taulo, unaushika tena, unateleza tena. Jasho linashuka mpaka kwenye kiwiko, linaning'inia kidogo, linadondoka kwenye mkeka. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge juu ya taiti, mguu wake umenyooka hautikisiki. "Dada, achana na mama," mwalimu akaniambia, "angalia wayo wako." Mwishoni mnalala chali, viganja juu, na huo unaitwa mkao wa maiti. Mwalimu alipoutaja, yule mama akasema kwa sauti, "Ashindwe!" Chumba kizima kikacheka. Akalala hivyo hivyo. (Wanaoogopa kwamba yoga ni kuabudu miungu ya watu nawaelewa, nimekulia kanisani. Pale hapakuwa na wimbo wala dua, ni kuhema na kunyoosha misuli.)

Mikao nimeipenda. Ninachokipinga ni lile bango la mlangoni: "Toa sumu mwilini." Sumu ya mwili inashughulikiwa na ini na figo, na kazi hiyo vinaifanya hata ukiwa umelala. Jasho ni maji na chumvi, basi, na limewekwa ili mwili upoe linapokauka juu ya ngozi. Kwenye chumba kilichojaa mvuke halikauki, linachuruzika tu, na wewe unazidi kupanda joto. Kilo uliyoipoteza kwenye mzani wa pale mapokezi ni maji, utairudisha ukifika nyumbani ukanywa maji na chai.

Je, joto lenyewe linaongeza faida yoyote? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas walilipima jambo hili, wakatoa matokeo mwaka 2018. Kundi moja lilifanya mikao ile ile 26 kwenye joto la nyuzi 40, jingine kwenye chumba cha kawaida cha nyuzi 23, kwa wiki 12. Mishipa ya damu iliboreka kwa makundi yote mawili. Sasa niambie, Sh15,000 za kipindi zinalipia mikao au zinalipia luku ya mwenye jimu?

Joto lina kazi yake huku kwetu, silidharau. Linalegeza misuli iliyokakamaa kwa baridi. Lakini linadanganya pia: unajiona umelainika, unajivuta kupita kiasi, maumivu unayasikia kesho yake. Mwenye presha, mwenye mimba au mgonjwa wa moyo apite kwanza kwa daktari. Na kuna jambo ambalo Los Angeles hawalijui, nalo ni kutoka pale na fulana iliyolowa chepechepe ukapanda bodaboda saa moja jioni ya Julai. Beba nguo za kubadilisha, na sweta.

Jingine ni zito zaidi. Nimeshasikia watu wakisema watafanya nyumbani, watawasha jiko la mkaa chumbani wafunge mlango. Tafadhali, hapana. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala haionekani, na inaua watu waliojifungia kwa kukimbia baridi. Nyoosha mgongo wako na blanketi mabegani ukitaka, jiko libaki nje.

Nilimwomba mwalimu aanzishe kipindi cha saa nane mchana, jua likiwa dirishani, hita zimezimwa, bei nusu. Akasema hakitapata watu, wateja wanataka waone jasho. Nikamwambia aniachie hilo, nina sauti ya pili nzima ya kwaya yetu inayolalamika viuno. Amekubali kujaribu, ila ameniomba lile bango nisiliseme mbele ya wateja.