Posa Yangu na Nzi Madume

Mtu akiniuliza kazi yangu, nasema mtafiti, nanyamaza. Akizidi kudadisi namwambia nachunguza matumbo ya nzi wa matunda, basi hapo atakumbuka ana safari. Kwetu Pemba mposaji hubaki nyumbani akangoja majibu, lakini babake mchumba wangu, mzee wa Wete, alimwambia mshenga: "Huyo bwana wa nzi mleteni nimwone."

Asubuhi ya siku hiyo kanzu yangu alinipigia pasi shangazi. Begini mwangu mlikuwa na kichupa cha methili-eujenoli. Eujenoli ndiyo inayoipa karafuu harufu. Hii ya kichupani ni jamaa yake wa karibu, inanukia vizuri mno. Shangazi akafungua, akanusa, akaona uturi. Nami nimo chooni naoga, yeye kifuani katia, mikononi katia, kilichobaki akaimalizia kofia.

Harufu niliisikia, sikatai. Lakini ulikuwa msimu, karafuu zimeanikwa hadi kando ya barabara, kisiwa kizima kinanukia. Ningemshuku nani?

Tukakaribishwa barazani, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe umezaa! Kahawa haijamiminwa, nzi wa kwanza katua kifuani. Akaja mwenziwe. Punde kanzu nyeupe imekuwa ya madoadoa, na madoadoa yanatembea. Mshenga anapunga kofia huku anawasifu wazee wangu kwa sauti ya juu. Watoto wamejazana ugani wanacheka.

Nikanusa mkono wa kanzu. Lo, shangazi!

"Hawa si ndio wanaonioza maembe?" akauliza mzee.

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu mwengine. "Ndio hao, mzee. Wageni hawa, asili yao Asia. Huku Afrika walionekana kwanza Kenya, mwaka 2003. Ila wanaotaga ndani ya embe ni majike. Hawa walionivaa mie ni madume watupu."

"Madume?" Mzee akamtazama mshenga. "Wanakutakia nini?"

Nikamweleza kwamba tangu mwaka 1915 Howlett, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa akifanya kazi India, alionyesha kuwa dawa hii inawaita madume. Ndiyo maana tunaitia mitegoni pamoja na sumu: madume yakiisha, majike yanakosa wa kuyapanda. Mzee akaanza kuvutiwa, akasogeza kiti. Nami nikanogewa.

"Dume akiilamba, mzee, mwili wake unaigeuza kitu chengine kabisa, kisha anakiweka akiba kwenye tezi, huku nyuma, karibu na njia ya haja kubwa..."

Mshenga akakohoa. Sahani ya haluwa ilikuwa ndiyo kwanza imewekwa.

"... jua likizama anapiga mbawa, anaitoa ile harufu, utasema anajifukiza udi. Na majike yanamjia. Aliyelamba huwashinda wasiolamba, hilo limepimwa."

Kimya. Kisha nyuma ya pazia ikatoka sauti ya bibi yake mchumba. Kumbe muda wote yuko pale anasikiliza.

"Mshenga!"

"Labeka, bibi."

"Huyo aliyejipaka, wake wanamjia Magharibi?"

"Ndivyo anavyosema mwenyewe, bibi."

"Basi mrudisheni kwao kabla ya Alasiri."