Kituo si katikati

Mgeni hakai sana Arusha kabla hajaambiwa kwamba Mnara wa Saa uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Kwa latitudo habari hiyo haiko mbali na ukweli. Cairo iko digrii 30 kaskazini ya ikweta, Cape Town karibu 34 kusini, hivyo nusu yake inaangukia kama digrii 2 kusini, usawa wa Kajiado kule Kenya. Sisi tuko 3.4. Tumekosa kwa kilomita 150 hivi, si haba.

Ila hakuna anayeuita mnara ule kituo cha Afrika. Tunasema katikati, na tunasema sawa. Wanaonishinda ni watafsiri, ambao kila wakikutana na senta ya Kiingereza hubandika "kituo" na kuendelea na safari. Ndiyo maana siku hizi nasoma "kituo cha mji".

Senta ya Wazungu ilianzia kwa Wagiriki: kentron, kitu chenye ncha kali, mchokoo wa kuswagia ng'ombe, kisha ncha ya bikari inayochomekwa ili duara lizunguke. Kituo chetu hakina duara. Kimetoka kwenye kutua. Ndege inatua, jua linatua, mama anatua ndoo. Mpagazi wa misafara ya zamani alipoteremsha mzigo begani, pale ndipo palipokuwa kituo, hata kama ni porini pasipo na kati wala pembeni. Wapagazi wa Moshi wanalijua hilo kwa mabega yao mpaka leo. Kanuni za Mlima Kilimanjaro zimewawekea kikomo cha kilo 20, na wakifika kambi ya Horombo, mita 3,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hawaulizi kama wamefika nusu ya njia. Wanatua.

Neno lenyewe limetembea. Mtu asiyetulia tunasema hana kituo, na kutulia nako ni ndugu wa kutua. Washairi huita kituo mshororo wa mwisho wa ubeti. Polisi, redio, mafuta, kura, vyote vina vituo, wala hatuulizi viko katikati ya nini. Kwenye afya tu ndiko kituo kimejikuta katikati kweli, juu ya zahanati na chini ya hospitali ya wilaya.

Jina ninalolipenda kuliko yote ni Kituo cha Mikutano cha Kimataifa hapa mjini. Majengo yale yalikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata yakawa kituo: wajumbe wanakuja, wanatua mabegi, wanazungumza, wanaondoka. Hapo neno limekaa mahali pake.

Waandishi wa habari nao wana "kitovu cha utalii". Wamelichosha, lakini siwapingi. Mtoto tumboni hulishwa kupitia kitovuni, na mji huu unalishwa na watalii.

Wenye majengo ya maduka waandike senta tu, sina ugomvi nao. Huko vijijini mtu akisema anaenda senta, kila mmoja anajua ni kwenye maduka na kinyozi. Ila huo mji muuache na katikati yake.