Gwaride la mavazi si geni kwetu

Mwandishi wa makala yenu ameeleza vizuri habari za wapenzi wa filamu za Star Wars wanaoandamana na mavazi meupe ya kiaskari, ila pale anapomalizia kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu, hapana jamani.

501st Legion, kundi la wapenzi hao, ilianzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson na Tom Crews. Watu wawili tu! Miaka kumi baadaye, 1 Januari 2007, wenzao wapatao 200 kutoka nchi mbalimbali waliandamana katika gwaride mjini Pasadena, Marekani, George Lucas, mtunzi wa Star Wars, akiwa mgeni rasmi. Karibu kilomita 9 ndani ya plastiki ngumu, kofia imefunika uso mzima, na hatua zinalingana. Nawavulia kofia, hasa kwa kuwa hawadai malipo: anayewaalika huombwa achangie wahitaji.

Sasa sisi wa Mbeya na Songea tusijifanye wageni. Ngoma ya mganda ya Ziwa Nyasa ni nini? Wanaume wamejipanga safu, kaptula nyeupe zimepigwa pasi, soksi hadi magotini, kiongozi na filimbi yake. Ni ndugu wa beni, ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikaenea bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Marini na Arinoti, vyama viwili vya beni, walikuwa na sare, vyeo na ushindani mkali.

Mhariri, tafadhali tuma mwandishi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, awahoji wachezaji wa mganda kabla wazee hawajaisha.