Wings ya 1927 ingenoga kibandani kuliko huku ukumbini

Huku Ohio, Marekani, jimbo la akina Wright waliovumbua ndege, filamu bubu bado inapewa heshima zote: jumba la zamani lililokarabatiwa, kinanda kikubwa cha mabomba kando ya jukwaa, na watazamaji wanaonyamaza kuanzia mwanzo hadi taa ziwashwe. Mwisho makofi, kisha kila mtu garini kwake. Mpiga kinanda akiwa fundi, ni burudani safi. Lakini Wings, filamu bubu ya Kimarekani kuhusu marubani wa vita, inahitaji mtu ambaye Wamarekani hawana na sisi tunaye tele, yaani msimuliaji.

Waliokulia vibanda umiza vya Dar, vile vya kuonyeshea video kwa kiingilio, au video za mtaani Nairobi wananielewa. Wasimuliaji Lufufu na DJ Afro walikuwa wanachukua filamu zenye maneno yake, wanayafunika kwa ya kwao, na watu wanalipa kiingilio kwa ajili ya sauti yao kuliko sura ya stelingi. Filamu bubu haina hata maneno ya kufunika.

Kisa ni chepesi. Jack Powell (Charles Rogers) na David Armstrong (Richard Arlen) wanatoka mji mmoja na wanampenda msichana mmoja, Sylvia. Mary wa nyumba ya pili, yaani Clara Bow, anampenda Jack lakini Jack hana habari naye. Vita vya 1914–1918 vinawakuta, wanaingia urubani, wanatwangana ngumi kambini na kuanzia hapo hawaachani. Gary Cooper anatokea dakika chache tu: anamega chokoleti, anaacha kipande kitandani, anatoka kwenda kuruka na kufa mazoezini. Ukumbini tukio hilo linapita kwa noti mbili tatu za huzuni. Kibandani msimuliaji angekikamata kile kipande cha chokoleti asikiachie.

Mwongozaji, William Wellman, alikuwa amerusha ndege za vita Ufaransa, ndiyo maana mambo ya angani hayana uongo mwingi. Walipiga picha karibu na San Antonio, Texas. Kamera ilifungwa kwenye bodi ya ndege mbele ya kiti, ikimtazama mwigizaji, na mwigizaji mwenyewe ndiye aliyeiwasha kwa swichi akiwa hewani. Arlen alikuwa rubani tayari. Rogers alifundishwa kwa ajili ya filamu. Uso unaoumuka kwa upepo ni upepo kweli. Kazi ilikwama kwa muda kwa sababu ya mawingu: katika anga tupu jicho halina cha kulinganishia, ndege inaonekana imeganda, kwa hiyo Wellman alikataa kupiga picha mpaka mawingu yaje. Studio ilikasirika. Alikuwa sahihi, na mwaka 1929 Wings ikapewa Oscar ya kwanza kabisa ya filamu bora.

Aliye jirani na Dayton aende makumbusho ya Jeshi la Anga, kuingia ni bure, akaitazame Spad XIII yenyewe, ndege ya Kifaransa ya vita vile. Zinazoitwa Spad kwenye filamu ni Thomas-Morse MB-3, ndege za baada ya vita. Macho ya kawaida hayatajua, na msimuliaji hana haja ya kulitaja.

Kazi yake iko kwingine. Jack na David wamevaa kofia za ngozi na miwani, watu watawachanganya. Ndege ya Jack ina alama ya kimondo ubavuni. Itajwe kila inapotokea, tangu Mary anapoichora kwenye gari mwanzoni. Kidubu cha kuchezea anachobeba David kitambulishwe mapema kuwa ndiyo hirizi yake, maana siku ya mwisho anakisahau. Zito kuliko yote ni ile picha ya Sylvia. Jack anaivaa shingoni akidhani aliandikiwa yeye, kumbe nyuma yake limeandikwa jina la David. Picha inapodondoka, David anaiwahi na kuichana ili rafiki yake asisome. Jack anaona dharau tu. Wanaruka wamenuniana. Hapo wengi wangeharibu kwa kueleza kila kitu. Inatosha kusoma maandishi ya nyuma mara moja, polepole. David anaangushwa, anaiba ndege ya Kijerumani arudi nayo, na Jack, akimlipizia kisasi rafiki aliyedhani amekufa, anaitungua.

Jack anambusu David akikata roho. Huku mjadala unaanza hapo na hauishi: urafiki au mapenzi? Nyumbani marafiki wawili wa kiume hutembea wameshikana mikono sokoni na hakuna anayegeuza shingo, kwa hiyo nadhani kibanda kingelia kwanza, kikabishana baadaye.

Msimuliaji mwenye maarifa angechomeka na ya kwetu. Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ikiwa imejificha delta ya Rufiji, ndege za Waingereza ziliruka kutoka Mafia kuongoza mizinga ya meli zao. Ndege za mwanzo zilikuwa zimeshindwa, joto na unyevu wa pwani vikiharibu gundi ya mbao. Tarehe 11 ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa, na huku inashuka bila injini Arnold aliendelea kutuma marekebisho ya shabaha kwa redio hadi walipotumbukia mtoni. Waliokolewa wote wawili.

Kwa anayetaka kujaribu: Marekani hakimiliki ya filamu hii ilikwisha tarehe 1 Januari 2023. Tahadhari ni sauti. Toleo lililokarabatiwa mwaka 2012 lina muziki na milio iliyorekodiwa upya, na hiyo ina wenyewe, kwa hiyo zima sauti yote. Nyumbani, Bodi ya Filamu iulizwe mapema kuhusu kibali. Filamu ina takriban saa 2 na dakika 20, hivyo ikatwe baada ya vituko vya Paris vya katikati ya filamu watu wanywe maji. Itazamwe yote mara moja bila maikrofoni, kila kadi ya maandishi inayotokea kati ya picha iandikwe na dakika yake, ndipo maneno yatungwe. Muziki si lazima uwe kinanda. Udi, fidla na dumbaki vinatosha, mradi wapigaji wanyamaze pale msimuliaji anaposoma.